Fungu la Luhende

Enzi hizo hakukuwa na mashine iliyouzwa kabla ya kufundishwa na mikono ya mtu, na mhandisi Nyamizi alichagua mikono ya mama yake. Mashine yake ya kubangua karanga ilijifunza upesi, ila kila debe lilipokwisha ilitenga konzi moja pembeni.

“Hiyo ni kasoro, mama. Wakaguzi hawataipitisha.”

“Kasoro unayo wewe uliyesahau. Hilo ni fungu la kaka yako Luhende.”

“Mama, Luhende tulimzika.”

“Mimi najua, mwanangu. Mikono ndiyo haijui.”

Nyamizi alishika bisibisi, akaitazama konzi ile, kisha akairudisha bisibisi mfukoni. Wakaguzi, waliojali kasi tu, wakaipitisha mashine, na nakala zake zikauzwa kila mahali.

Msimu uliofuata, katika nyumba ambazo Luhende hakupata kuzikanyaga, watoto walianza kuuliza karanga za pembeni zinamngoja nani.