Mrija kwenye Kichuguu

Mwajabu alimkuta mgeni kapiga magoti kwenye kichuguu chake, ananyonya mchwa kwa mrija uliochomekwa kwenye chupa.

"We kaka! Mvua ikija wanangu watakula kumbikumbi gani?"

"Siwali, mama. Wanaingia kwenye hii chupa, kitambaa kinawazuia wasinifike mdomoni. Nasoma vijidudu vya tumboni mwao. Bila vijidudu hivyo mchwa anashiba kuni, na bado anakufa njaa."

"Mh. Na malkia wao uko naye?"

"Wala sijamgusa!"

Maneno matamu mno hayo. Mwajabu akaishika chupa, akaitikisa. Mchwa walikuwa wachache kuliko wale aliomwona akiwanyonya.

"Hebu achama."

Jamaa akacheka, akaachama. Juu ya ulimi, mchwa mmoja alikuwa anatafuta njia. Mgeni akatoa macho, hathubutu kumeza.