Tabibu Mbuzi Aliyekikataa Kibata

Mniwie radhi, hekaya hii nitaiharibu kwa kucheka kabla yenu. Sheria ya msituni iliamuru kila zahanati ihudumie kwa Kimbuzi na Kibata sawasawa. Mama Bata akafika na kifaranga mwenye mwiba kooni.

"Hapa Kimbuzi tu, mama," alisema tabibu Mbuzi. "Kajifunze kwanza, ndipo mwanao augue."

Akarudi nyuma kwa maringo, akatumbukia katika kisima cha zahanati, chubwi! Wa kumwokoa alikuwa Mama Bata peke yake.

"Kwak! Kwak!" alilia Mbuzi, Kibata safi kabisa.

"Kumbe unakijua, bwana wee!"

"Tangu utotoni, dada. Nilikiweka akiba kwa shida zangu."

Mama Bata akamtupia kamba. "Panda, ukautoe mwiba kwa Kibata hichohicho!"

Kifaranga akapona. Nami mtetezi wa usawa, nimesimulia yote kwa Kiswahili; mabata hawajaambulia neno.