Jozi Kumi na Moja

Hilario aliipuliza glovu ya mpira mpaka ikajaa kama kiwele cha mbuzi, akaibana mdomo, akaisogeza sikioni. Ilikuwa inavuja kwenye kidole gumba. Akairudisha, akachukua nyingine.

"Mzee, unanunua glovu au unaposa?" aliuliza Halfan. Duka lake lilikuwa karibu na stesheni ya Makambako, na tangu asubuhi alikuwa hajauza kitu kingine.

"Naposa. Nikiwapelekea mbovu watanisimanga mpaka kiangazi."

Hakuwa akitania sana. Mikono ya wenzake wa kiwanda cha mbao kule Njombe aliijua kuliko wenyewe. Wale watatu wanaochovya nguzo kwenye dawa, mpira, tena ufike kwenye kiwiko. Romanus wa kuchomea vyuma, ngozi nene yenye shingo ndefu. Wabeba mbao, kiganja cha ngozi na mgongo wa kitambaa, ili kibanzi kisipenye na mkono upate hewa. Kila moja aliigeuza ndani nje, akavuta mshono kwa kucha. Zamani, enzi za foleni kwenye bohari za serikali, waliwahi kuletewa shehena nzima ya mkono wa kushoto. Sasa kila kitu kilikuwepo, ni macho yako tu.

Kwa Nahumu, shemeji yake, alichagua mwisho. Alipata ngozi laini ya ng'ombe, iliyoshonwa mara mbili.

Halfan akahesabu. "Kumi na moja. Na yako wewe iko wapi?"

Hilario akanyoosha mikono yake juu ya meza, mikavu, yenye vidole vyote kumi.

"Mtu wa msumeno havai. Jino likinasa kitambaa, mkono unafuata. Mwaka wa kumi na tisa huu, na bado najifunga vifungo mwenyewe."

Halfan akacheka, akaufunga mzigo kwa kamba ya katani.

Kwenye basi Hilario aliupakata mzigo ule kama mtoto. Tangu kiwanda kiuzwe, ilisemwa kuna mtu mmoja atapunguzwa. Walikuwa kumi na wawili. Wote walijua atakuwa Nahumu, kwa sababu ndiye aliyeingia mwisho. Lucia, mke wa Hilario, alikuwa halali usiku kwa ajili ya mdogo wake huyo mwenye watoto watano.

Hilario hakuweza kumwacha Nahumu. Ni yeye aliyemtoa kijijini Mawengi, akamlaza sebuleni kwake masika mawili. Jioni, wengine wakishaondoka, alimweka kwenye msumeno akamfundisha: wapi pa kusimama, namna ya kusukuma gogo, namna ya kusikia kwamba jino limechoka. Na wiki iliyopita alivua kofia mbele ya tajiri mpya.

"Usimwondoe huyu, mzee. Hata msumeno nimemfundisha. Siku nikiugua, mashine haitalala."

Tajiri alikuwa mtu wa biashara ya vitenge, mambo ya mbao alikuwa anayauliza uliza tu. Alimtazama Hilario kwa muda, akaandika kitu.

Jana yake ndipo tajiri alipomwita. "Nenda Makambako ukachague glovu, wewe ndiye unayezijua. Jozi kumi na moja. Kila anayebaki apate yake."

Hilario alitoka ofisini akihesabu kwenye vidole. Kumi na wawili, umtoe mtu wa msumeno, kumi na moja. Hakuna anayeondoka. Alimpitia Lucia nyumbani amwambie, na usiku ule mama wa watu akalala.

Asubuhi Nahumu mwenyewe alimsindikiza mpaka stendi, ingawa baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. "Usiwe na haraka, shemeji," alimwambia. "Chagua taratibu."

Basi lilifika Njombe saa tisa, ukungu umeshashuka. Kiwandani Hilario alifungua mzigo juu ya rundo la mbao, akaanza kuita. Kila mtu alichukua yake, ikamkaa kama aliyepimwa na fundi cherehani.

Lakini walipokea kwa sauti ndogo. Hata Ambrosi, ambaye hapitwi na mzaha, alisema ahsante tu, akaondoka kwenda kupanga mbao zilizokwisha kupangwa.

"Kuna msiba?" Hilario aliuliza.

"Baridi tu," alisema Romanus.

Nahumu alikuja wa mwisho. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nywele, kwenye nyusi, hata kwenye masikio.

"Umefagia kiwanda kizima leo?" Hilario alicheka. "Haya, yako hii. Nimekufichia nzuri kuliko zote. Lucia akiiona atakuonea wivu."

Nahumu aliipokea kwa mikono miwili, kama walivyolelewa kwao. Akaibonyeza ngozi. Akaupitishia kidole mshono ule wa mara mbili, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akairudisha mikononi mwa Hilario, akamkunjia vidole juu yake.

"Kaa nayo wewe, shemeji," alisema, akitazama chini. "Mtu wa msumeno havai."