Jitu la Angani

Makofi yalikuwa hayajaisha, na Bado alitamani sakafu ya ukumbi ipasuke immeze mzimamzima. Nyuma yake, ukutani, ilionyeshwa picha ya galaksi: nukta ndogo katikati, na kutoka tumboni mwake michirizi miwili ya mawimbi ya redio, mmoja kila upande, mirefu kiasi kwamba hata mwanga ungehitaji mamilioni ya miaka kuimaliza. Kituo chao cha darubini kilikuwa hakijawahi kuona jitu kama hilo.

Jina la Bado alipewa na wenzake. Kila alipoulizwa kama amegundua chochote, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Aliyelipenda zaidi ni mama mkwe wake, ambaye alilitumia hata mezani mbele ya wajukuu. Leo mama huyo alikaa mstari wa mbele kando ya binti yake, mke wa Bado, akipiga makofi kuliko wote.

Ila galaksi haikuwa ya Bado.

Wiki iliyopita, binti anayeshiriki naye chumba cha kazi, yule anayeipima programu ya kutafutia galaksi pichani, aliitwa nyumbani ghafla. Mama yake amelazwa. Alitoka mbio akaiacha kompyuta inawaka. Bado aliinuka kwenda kuizima, kwa wema tu, Mungu shahidi. Ndipo akaiona: michirizi imenyooka, safi, haina doa, na binti hajamwambia mtu. Tamaa ilifika kabla aibu haijavaa viatu. Alinakili mahali ilipo angani, akazima kompyuta, akaenda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alimkumbatia. Alitaka darubini ielekezwe huko tena kwa uhakika, lakini Bado akamsihi watangaze kwanza, wasije wakatanguliwa. Kusema kweli, aliogopa binti angerudi. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na mkewe akadhani ni furaha. Jana binti alimtumia ujumbe kumshukuru kwa kumzimia kompyuta. Mama anaendelea vizuri, kaka mkubwa, aliandika. Ni yeye peke yake pale kituoni asiyemwita Bado.

Sasa mlango wa nyuma ulifunguka, binti akaingia na mkoba wa safari begani. Aliitazama picha ukutani, kisha akamtazama Bado. Uso ukambadilika. Akainua mkono polepole, kama mtu mwenye swali.

Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama. Bado hakusubiri kuvuliwa, alichutama mwenyewe.

"Samahanini," alisema. "Galaksi hii si yangu. Niliiona kwenye kompyuta ya mdogo wangu yule pale, nikaiiba. Aliyeigundua ni yeye."

Mkewe alifunika uso kwa viganja, na mama mkwe akaanza kutafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo. Bado hakuthubutu kuwatazama. Aibu ilimchoma hadi masikioni, lakini kifua, ajabu, kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Angalau haki ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Mtu mmoja akaanza kumpigia binti makofi, wengine wakafuata, na mkurugenzi akamwita mbele apewe heshima yake.

Binti alipita katikati ya viti bila kumpa mtu mkono. Alipofika kwa Bado alimsogelea sikioni akamnong'oneza, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono wake hadi mstari wa mwisho.

"Kaka mkubwa, mimi sijagundua kitu. Hiyo niliichora mwenyewe juu ya picha, nione kama programu itaikamata. Angani pale hakuna kitu."