Idhini ya Chef Georges

Jibu la Chef Georges lilifika upesi kama kawaida: “Bien reçu,” yaani nimepokea. Émérence alilisoma kwenye kompyuta, akatazama nje ya dirisha. Lori la mume wake, Ambroise, lilikuwa bado linateremka na mzigo wa mawe ya chokaa, breki zikilia hadi ofisini.

Alichoomba kilikuwa kidogo tu: lori lisimamishwe, fundi aliangalie. Juzi breki zilikataa kabisa, na Ambroise akaponea kwenye rundo la kokoto. Kukataa kuliendesha hawezi. Yeye ni dereva wa kibarua, na kila asubuhi wanaume wamejaa langoni wakingoja mwenzao akatae.

Mume na mke walikuwa wageni Likasi, wametoka Kolwezi mwezi uliopita. Ambroise alipewa lori, Émérence akapewa meza na kazi ya kuingiza maombi kwenye programu ya kampuni. Programu yenyewe ilisifiwa mno. Ghala, gereji, machimbo na wakubwa wa Lubumbashi, wote wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja! Basi watu wakaacha kusemeshana. Gereji ilingoja ghala liseme, ghala likangoja machimbo, na kila mmoja alijua hakika kwamba mwenzake ameshasema.

Mambo yote yaliishia kwa mtu mmoja, Chef Georges, mkuu wa matengenezo. Na huyo, jamani, alikuwa mchapakazi. Mafuta, matairi, zamu za Jumapili, aliidhinisha vyote kwenye programu, mchana na usiku, bila kuuliza swali.

“Chef Georges hajakatala kintu hata siku moja,” alisema Dodo, jamaa wa meza ya jirani.

“Basi asimamishe kamio ya bwana yangu.”

“Ah, maman, kuvalider, kukubali tu, ni kintu ingine, kusimamisha ni ingine. Ukivalider, hakuna muntu anauliza. Ukisimamisha, Lubumbashi banapiga simu palepale: juu ya nini? Na ule mwenye alisimamisha njo anajibu, na sauti yake.”

“Yeye si chef? Ajibu!”

Dodo alicheka kidogo, kisha akaacha. Tina, aliyekaa nyuma yao, aliinamia kibodi chake.

“Minye nataka kumuona uso kwa uso,” alisema Émérence. “Bureau yake iko wapi?”

“Ametoka tu sasa hivi,” alisema Tina.

Kila siku alikuwa ametoka tu sasa hivi. Émérence alishaanza kumchukia. Alimwazia mnene, amejifungia penye ubaridi, anatafuna kuku mchana wakati mume wa mtu anashuka mlimani hana breki. Bien reçu! Maneno mawili, na hata salamu hakuna. 

Alifungua ukurasa wa wafanyakazi, akatafuta jina. Chef Georges alikaa mtaa wa Kikula, nyuma ya soko. Émérence akachukua mkoba wake.

“Unaenda wapi?” aliuliza Dodo.

“Kwake ku nyumba.”

Dodo alisimama, akamtazama Tina, akaketi tena. “Maman Émérence, umuache papa wa bantu apumuzike.”

“Atapumuzika siku Ambroise atashuka mu ile kamio.”

Hakuna aliyemfuata.

Juu ya pikipiki ya kukodi alipanga maneno. Hasira ilimtoka kidogo kidogo, ikabaki hofu. Asingegombana. Angepiga magoti ikibidi. Angemwambia mzee huyo kwamba ni kubonyeza mara moja tu na kupokea simu moja tu, basi, na mume wake angerudi nyumbani jioni.

Nyumba ilikuwa ya matofali, haijapigwa plasta. Mama mmoja wa makamo alikuwa mlangoni anachambua matembele. Alimkaribisha vizuri, akasema yeye ni Mathilde, mke wa Georges.

“Natoka ku kazi, maman,” alisema Émérence. “Natafuta Papa Georges. Iko haraka. Kamio ya bwana yangu haina frein, na yuko ndani sasa hivi.”

Mathilde aliweka mboga chini. “Ku kazi njo banakutuma?”

“Hapana, nimekuja minye mwenyewe. Asubuhi alinijibu, lakini hajasimamisha ile kamio. Na mu ile programu ni yeye peke yake anaweza kusimamisha.”

“Asubuhi ya leo?”

“Ya leo, maman. Nakuomba, umuite.”

Mathilde alinyanyuka. Kisha akavuta kiti, akamkalisha, akamshika mikono yote miwili kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa.

“Mutoto yangu, Georges tulimuzikaka kabla ya Noeli yenye ilipita. Hata jeneza yake, ni bale ba ku kazi balileta, na baliniambia Georges mwenyewe njo aliivalider.”