Mwiba wa Sikudhani

Zamani, miiba ilipokuwa haina kazi ila kuchoma, Sikudhani, binti wa Nungunungu, alisimika mwiba wake juani akawa anapima kivuli chake.

"Miiba ni ya kuchomea chui!" mama yake alifoka. "Vivuli vitakulisha?"

"Lakini havidanganyi, mama."

Masika yalikaribia. Wanyama walitaka kuvuka korongo kabla halijajaa maji, na ukingoni ilibaki miti miwili tu ya kuangusha iwe daraja. Nyani, bingwa wa kukisia, alifumba jicho moja akaonyesha mti mwembamba. "Huu unafika, tena unazidi!"

"Haufiki," Sikudhani alisema. "Ndege Chiriku alinivushia kamba, nikapima korongo. Na sasa hivi kivuli cha mwiba wangu ni sawa na mwiba wenyewe, basi kivuli cha mti ni sawa na mti. Huu utapungua hatua tatu. Ule mnene ndio mrefu."

"Nyamaza, mwanangu, usituaibishe," mama yake alinong'ona.

Tembo mzee akausukuma mti wa Nyani. Ukapungua hatua tatu, ukatumbukia korongoni, puu!

Tembo akamgeukia Sikudhani. "Ule mnene, mjukuu wangu?"

"Ule, babu."

Ukaanguka, ukalala hadi ng'ambo. Wakavuka wote, Nyani nyuma kabisa, macho yote mawili wazi.

Walipofika, mama alijing'oa mwiba mrefu kuliko yote mgongoni. "Aii!" Akamkabidhi binti yake. "Shika. Huo wako ni mfupi mno kwa kazi yako."