Mfuko wa Mikasi

Suruali iliyomwangusha, binti alikuwa ameificha chini ya godoro, ikiwa bado na doa la damu gotini. Mama yake alishasema zaidi ya mara moja kwamba suruali ile ina nuksi, ichomwe moto. Lakini kitambaa chake kilikuwa kizuri, kizito, na binti huyu tangu ajifunze kushona alikuwa haoni nguo ya kutupwa. Alitaka kuigeuza mfuko wa kutilia mikasi, amwachie mama yake kama shukrani.

Kabla ya kuumia hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Alijua kukimbia tu. Alikuwa amechaguliwa kwenda na timu kwenye kambi ya nje ya nchi, na juma lilelile la safari akaanguka mazoezini, kano za goti zikakatika. Timu iliondoka. Yeye alirudishwa nyumbani na magongo yake, akalia mpaka macho yakavimba.

Mama yake, fundi cherehani tangu ujana, hakumwambia asilie. Alisukuma cherehani mpaka kando ya kitanda, akamkalisha. Binti alijifunza kupiga pedali kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda. Mashati ya marehemu baba yake yakageuka blauzi. Pazia kuukuu likawa sketi, tena sketi ya kujidai nayo. Hata majirani wakaanza kuleta magauni yaliyowabana.

Kuna jambo moja tu lililomshinda. Mama yake hakuwa akifunga fundo mwishoni mwa uzi kama mafundi wengine. Alianza kwa mishono miwili palepale, mmoja juu ya mwingine, midogo kiasi kwamba usipoambiwa huioni.

“Fundo ni la mtu mwenye haraka,” mama alisema.

“Na mimi ni mkimbiaji, mama.”

Walicheka sana siku hiyo. Mama alikuwa na furaha ambayo haikuonekana kwake tangu kaka yake binti alipokwenda kufanya kazi ng’ambo kwa muda mfupi, akanogewa, hata simu siku hizi hapigi. Sasa mama alianza tena kuimba akipiga pasi. Geti alilifunga kungali mchana. “Nyumba ina mtu,” alikuwa akisema, akisukuma komeo mpaka mwisho.

Jana ndipo alipokuja Upepo.

Upepo ndilo jina walilompa wenzake kwenye timu. Ndiye aliyekuwa nyuma yake siku ya kuanguka, ndiye aliyepewa nafasi yake, na kila mtu alisema ndiye aliyekanyaga pindo la suruali yake. Alisimama mlangoni na mfuko mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” mama alijibu, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

“Kocha ameongea na daktari,” Upepo alimwambia binti. “Goti limepona. Kuna kambi nyingine, na safari hii hataki kukukosa. Hii ni suruali yako ya timu.” Akamkabidhi mfuko. “Na mimi sikukukanyaga. Pindo lako lilikuwa linaburura kabla sijakufikia. Mpaka leo hutaki kuniamini.”

Binti hakuamini. Suruali ile ya zamani aliinunua dukani ikiwa ya urefu wake kamili, ikiwa imeshonwa kiwandani, haijawahi kupunguzwa. Pindo la namna hiyo haliachii lenyewe.

Mama alimsindikiza mgeni, akafunga geti. “Aliyekuvunja mguu ndiye anayekuletea suruali,” alisema aliporudi. Akaikunjua ile mpya, akaipima kwa macho. “Ndefu hii. Niachie mimi.” Kisha, taratibu, “Utakwenda?”

“Nitakwenda, mama.”

Mama aliitikia kwa kichwa mara moja. Akaingia chumbani kwake na suruali ile, akarudishia mlango. Hakuimba tena siku hiyo.

Leo mvua ilikuwa ikinyesha na nyumba imetulia. Binti aliitoa suruali ya zamani chini ya godoro, akaanza kuifumua. Pindo la mguu wa kulia wa suruali lilimsumbua. Uzi wa kiwandani ulikuwa umekaza, kila mshono ulitaka wembe.

Mguu wa kushoto haukumsumbua hata kidogo. Aliugeuza ndani nje. Uzi wa kiwandani haukuwepo, vilibaki vitundu vyake tu, vimejipanga safi bila kuchanika. Mtu alikuwa ameukata. Mahali pake palikuwa na mabaki ya uzi mweusi ulioshonwa kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ile ya bandi, ya kushikiza nguo kwa muda tu. Ukiivaa ukatembea, inashika. Ukikimbia, inaachia.

Alikumbuka chumba cha kubadilishia nguo, mikoba yao miwili siku zote imewekwa pamoja. Kumbe Upepo alisema kweli, hakumkanyaga. Alikuwa amefanya ubaya mkubwa kuliko huo, halafu akaja na uso mkavu kuomba aaminiwe. Hasira zilimpanda. Angempelekea kocha suruali hii, na uzi wenyewe ukiwamo.

Alifuata uzi kwa kucha, taratibu asiuvute, akitafuta ulipoanzia. Aliupata karibu na mshono wa ubavuni. Akainama dirishani aone vizuri.

Haukuwa na fundo. Ilikuwa mishono miwili midogo, mmoja juu ya mwingine.

“Mwanangu,” mama aliita kutoka chumbani, kwa sauti ya upole. “Suruali yako mpya nimeshaipinda. Njoo uijaribu.”